Curd ya Leicester na Kisabo cha Ngara

Ukiingia duka lolote la Wahindi pale Belgrave Road, Leicester, utakuta kwenye friji ndoo nyeupe za plastiki zimeandikwa neno moja kubwa: curd. Ndani ni maziwa mgando, mazito, ya kukata kwa kijiko. Vuka uingie supamaketi ya Waingereza, neno lile lile limebandikwa kwenye chupa ya kitu cha njano cha kupaka mkate, lemon curd: limau, mayai, sukari na siagi, basi. Nenda rafu ya vyakula vya Kichina, bean curd ni soya iliyogandishwa, ile tofu. Na kwenye friji ya jibini iko curd cheese, nyeupe, laini, ya kuokea keki. Mtu wa kwetu aliyeshuka kwenye ndege jana, akatumwa na kamusi mkononi alete maziwa mgando, atarudi na kifungua kinywa cha bibi wa Kiingereza.

Watu wa nyumbani, Ngara, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, wakiniuliza tofauti ya huku na huko, wanategemea niongelee baridi au mshahara. Siku hizi nawajibu kwa maziwa. Huku maziwa hayakudanganyi, ila hayakwambii kitu. Kwetu maziwa yanasema mengi, na muuzaji anasema mengi zaidi, na nusu ya anayosema muuzaji ni uongo.

Nianze na hilo neno, maana lina mkasa wake. Waingereza wa karne ya 14 waliandika crud. Baadaye herufi mbili zikapishana ikawa curd, kama vile bird, ndege, aliyeanza maisha akiwa brid. Wachunguzi wa asili ya maneno wanalihusisha na kitenzi cha Kiingereza cha kale, crudan, kusukuma au kubana, ambacho ndicho kilichozaa crowd, umati wa watu. Uhusiano huo unakisiwa tu, lakini mimi nimeshaupenda: maziwa yaliyosongamana kama abiria wa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Umbo la zamani nalo halikufa. Crud ipo mpaka leo, hasa Marekani, na maana yake ni uchafu ulioganda. Chakula cha babu kimekuwa tusi la mjukuu.

Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kuna bibi mmoja pale, mzaliwa wa Yorkshire, umri umeshapita tisini, ananiita "bata wangu" kwa sababu ndivyo watu wa pande hizi wanavyoitana kwa upendo. Yeye anataka nimwite kwa jina lake la kwanza. Ulimi unakataa. Nimelelewa vingine, kwa hiyo namwita Mama, na ameshazoea. Siku moja nilikuwa na bakuli la mtindi wangu wa kutengeneza mwenyewe, wa chakula cha mchana. Akaniomba anuse. Akanusa, akafumba macho, akasema: "Mama yangu alikuwa akining'iniza haya kwenye bomba."

Nikavuta kiti. Akanieleza kwamba maziwa yakichacha nyumbani kwao hakuna aliyethubutu kuyamwaga. Mama yake aliyafunga kwenye kitambaa chepesi cha pamba, akakitundika kwenye bomba la jikoni usiku kucha, maji yake ya kijani-kijani yakidondokea kwenye bakuli. Asubuhi kitambaani kumebaki donge jeupe. Likifika juma la Pentekoste, donge hilo linachanganywa na mayai, sukari, zabibu kavu na kungumanga, linaokwa ndani ya unga uliokandwa na mafuta. Hiyo curd tart ni chakula cha heshima cha Yorkshire, na bado inauzwa huko. Akanitajia pia junket, maziwa matamu yaliyogandishwa kwa dawa inayotoka kwenye tumbo la ndama. Alivyokuwa anasimulia, mikono yake inakamua kitambaa ambacho hakipo.

Nilikwenda chumba cha mapumziko nikawauliza vijana wa Kiingereza tunaofanya nao kazi. Wote wanaujua ule wimbo wa watoto wa msichana aliyekaa akila curds and whey mpaka buibui akamfukuza. Wameuimba tangu chekechea. Nikauliza, whey ni nini? Mmoja akasema ni ule unga wa protini wanaokunywa watu wa jimu. Na kwa kweli hakukosea, ule unga unatokana na maji hayo hayo ya maziwa. Lakini kwamba maji hayo yanajitenga yenyewe jikoni, bila kiwanda, hilo kwake lilikuwa habari mpya.

Hapo ndipo nilipoacha kusema "Wazungu hawajui mtindi". Walikuwa nao, wakaujua kama sisi. Kilichotokea ni kwamba maziwa yalitolewa mikononi mwao, na sababu yenyewe huwezi kuidharau. Kifua kikuu cha ng'ombe kilipita kwenye maziwa kikaua maelfu ya watu nchi hii, wengi wao watoto, kabla maziwa hayajaanza kupashwa moto viwandani kote nchini. Leo maziwa ya dukani yamepashwa kama nyuzi 72 kwa sekunde 15, yakapoozwa haraka, yakafungwa. Maziwa mabichi ya kunywa ni marufuku kuuzwa Scotland tangu 1983. Hapa England mkulima anaruhusiwa kukuuzia mwenyewe, mkono kwa mkono, lakini kwenye supamaketi huyakuti.

Sasa fanya jaribio ambalo kila mgeni kutoka Afrika Mashariki huwa analifanya. Chukua chupa ya maziwa ya dukani, iache mezani kama mama alivyokuwa akiacha kibuyu. Kwetu, siku ya pili yameganda, chachu safi. Huku yanakaa, yanakaa, halafu yanakuwa machungu na kunuka. Vile vidudu vizuri vinavyogandisha maziwa vimekufa kwenye moto, na vinavyokuja baadaye ni wavamizi tu. Mgeni anaishia kusema maziwa ya Ulaya yamewekwa dawa. Hayana dawa. Yamenyamazishwa.

Na hapo tena sheria ya huku ni kali ajabu kuhusu majina. Kinywaji cha soya hakiruhusiwi kuandikwa "maziwa" kwenye boksi, kwa sababu maziwa kisheria ni ya mnyama. Tui la nazi wamelisamehe, linaitwa maziwa ya nazi kwa mazoea ya zamani. (Sisi tuna neno tui tangu hapo, hatukuhitaji msamaha wa mtu.) Lakini lemon curd isiyo na maziwa yaliyoganda imekaa rafuni kwa amani. Zipo hata mapishi za karne ya 19 ambamo krimu iligandishwa kwa limau kweli kweli ikachujwa kwenye kitambaa. Jina likabaki, maziwa yakaondoka.

Kule Belgrave Road mwenye duka ninalonunua ni mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Jinja. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huku, mji umejaa. Wakaja. Leo wao ndio wanaotulisha mhogo. Wanauita mogo, wanaukaanga na pilipili, na karanga wanaita jugu, na sufuria ni sufuria. Kiswahili chake ni kile cha jikoni na cha dukani, hakina wakati ujao wala uliopita, lakini bei anaitaja vizuri. Maziwa mgando kwa Kigujarati ni dahi. Kwa nini basi ndoo imeandikwa curd? Kwa sababu Kiingereza cha India kililichukua neno hilo zamani, kikalipatia kazi ambayo Waingereza hawakulipatia. Kwa Mhindi, curd ni kile kinachogandishwa nyumbani kwa kijiko cha jana. Yoghurt ni kitu cha kiwandani chenye stroberi.

Tena usidhani ni neno la kupita tu. Nesi mmoja rafiki yangu, mtu wa Chennai, hula wali uliochanganywa na curd, mbegu za haradali zilizokaangwa na majani ya mchuzi karibu kila zamu ya usiku. Yeye ndiye aliyenieleza vurugu ya Machi 2023. Mamlaka ya usalama wa chakula ya India iliagiza viwanda vya kusini viandike dahi kwenye pakiti, na jina la kienyeji liingie kwenye mabano. Dahi ni neno la Kihindi cha kaskazini. Kitamil ni tayir, Kikannada ni mosaru. Waziri Kiongozi wa Tamil Nadu, M. K. Stalin, akaja juu, akasema ni kulazimishwa Kihindi, na kiwanda cha ushirika cha jimbo hilo kikagoma kubadilisha. Kabla mwezi haujaisha mamlaka ikarudi nyuma: andikeni curd, na mabanoni kila mtu aweke lake. Fikiria hilo. Watu walikataa neno la ndugu zao wakakumbatia la mkoloni, kwa sababu la mkoloni halikuwa na jirani wa kujitapa nalo. Mtu wa Afrika Mashariki anaielewa siasa hiyo bila kufafanuliwa.

Sisi je? Sisi hatujagombana, labda kwa sababu hatujali vya kutosha. Mkenya anasema mala, kifupi cha maziwa lala. Mtanzania anasema mtindi au mgando. Mjini Kampala utasikia bongo, na ukimwambia Mtanzania kwamba umekunywa bongo kikombe kizima atakushangaa, maana kwake Bongo ni nchi yake. Ukivuka Rusumo kutoka kwetu Ngara ukaingia Rwanda ni ikivuguto. Kamusi zetu zinasema mtindi ni maziwa yaliyosukwa yakaondolewa siagi, na mgando ni yale yaliyolala tu na siagi yake ndani. Nenda duka lolote Dar es Salaam ununue pakiti ya mtindi: hayo hayajasukwa na mtu, hayajaona kibuyu. Neno limehama mtaa kama curd ilivyohama. Halafu kuna "kupiga mtindi", yaani kunywa pombe, ambako hakuna maziwa hata harufu. Nilikaa na Wakenya fulani hapa nikawaambia shemeji yangu kaharibikiwa kwa kupiga mtindi, wakanihurumia wakidhani ni ugonjwa wa tumbo.

Sasa nije kwa wale wanaotuma ujumbe kwenye makundi ya simu: "Rudini nyumbani mnywe maziwa halisi, huko mnakula makemikali." Ndugu zangu, tuongee taratibu.

Mama yangu alikuwa na kibuyu kikubwa tulichokiita kisabo. Kilifukizwa moshi, kikawekwa maziwa, kikalala, halafu kikasukwa asubuhi kikiwa kimelazwa mapajani, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka sauti ya ndani ibadilike kutoka chubwi chubwi kuwa nzito. Sauti ikibadilika ndipo siagi imejikusanya. Sisi watoto tulijua kwa sikio. Nakubali, hakuna kiwanda kitakachonirudishia ladha ya ule moshi. Lakini yale maziwa mama aliyajua: ng'ombe alikuwa wetu, jina analo, na akiugua nyumba nzima inajua.

Maziwa ya mjini leo yanatoka wapi? Yanakuja na pikipiki ndani ya dumu la plastiki lililokuwa la mafuta ya kula. Dumu lile shingo yake nyembamba, mkono hauingii, halisuguliki ndani hata ufanyeje. Yameongezwa maji, na ukienda na laktomita, kile kipimo cha kugundua maji kwenye maziwa, muuzaji anakasirika kama umemtukana mama yake. Ng'ombe aliyetupa mimba wiki iliyopita bado anakamuliwa, na bruselosi, ugonjwa unaotupisha mimba ng'ombe, inapita kwenye maziwa inamlaza mtu na homa ambayo zahanati inamtibu kama malaria mara tatu. Kuganda peke yake hakuui vidudu hivyo vyote. Anayekwambia mtindi wa maziwa yasiyochemshwa ni salama kwa sababu ni wa asili, mwulize kama kaburi nalo si la asili.

Na kuna jambo moja ambalo wauza maziwa wanalijua na wanunuzi wengi hawalijui. Ng'ombe akichomwa sindano ya antibayotiki, dawa inatoka kwenye maziwa siku kadhaa. Maziwa hayo yanagoma kuganda. Utaweka kijiko cha mtindi wa jana, utafunika, utasubiri, kesho ni maji vile vile. Vidudu vizuri vimeuawa na dawa ile ile iliyomtibu ng'ombe. Mama yangu hakusoma kemia, lakini maziwa yakigoma swali lake la kwanza lilikuwa, "Ng'ombe huyu kapigwa sindano lini?" Huku Uingereza maziwa ya shambani yanapimwa dawa hizo, na yakikutwa nazo yanamwagwa. Hujui, huulizi, hukuona. Kazi ya pua ya mama inafanywa na maabara.

Nikiambiwa nichague cha kuwapa wanangu, nachagua maabara. Nasema hivyo bila aibu. Lakini naona pia kinachopotea: wanangu wameshika kwamba maziwa mabaya ni yale yaliyopita tarehe. Hawawezi kunusa wakatofautisha maziwa yaliyochacha vizuri na yaliyooza. Tarehe imeandikwa kesho, kijana wangu mkubwa anamwaga leo, kwa tahadhari.

Nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na sehemu ndogo mno ya maziwa yake inapita kiwandani. Watu wanasema hilo kwa masikitiko, kana kwamba dawa ni kila tone liingie kwenye boksi. Mimi siamini. Angalia Kigali: kila mtaa una kibanda cha maziwa, kijana wa ofisini na dereva wa pikipiki wamekaa benchi moja, huyu kikombe cha moto, yule cha ikivuguto, na chapati. Maziwa yamekusanywa, yamepozwa, yamechemshwa, lakini yanauzwa kwa kikombe na mtu unayemjua sura. Kule salamu yenyewe ni kutakiana ng'ombe, na tangu 2006 serikali yao ina mpango wa kumpa kila kaya maskini ng'ombe mmoja. Sisi kule kwetu mtindi tumeuachia mgahawa wa chapati za asubuhi na stendi za mabasi, na kwenye harusi tunaweka soda. Mgeni wa heshima akija unamtuma mtoto dukani alete juisi ya boksi, mtindi umekaa ndani ya friji unaona haya.

Wakati huo huo hapa Leicester vijana wananunua chupa ndogo ya kefir, maziwa yaliyochacha ya watu wa Kaukasi, kwa bei ambayo ingenunua ndoo kwa mzee wa Jinja. Wameambiwa ni nzuri kwa utumbo. Bibi wa Yorkshire nilimwonyesha bei yake, akasema neno ambalo siwezi kuliandika hapa.

Ninavyofanya mimi sasa ni hivi. Nanunua maziwa yenye lebo ya bluu, ndiyo yenye mafuta yote. Ya kijani yamepunguzwa, mekundu ni maji ya kusuuzia. Nayachemsha, naacha yapoe mpaka kidole kivumilie, natia kijiko kikubwa cha curd ya Belgrave Road, nafunika sufuria kwa taulo, naiweka karibu na hita. Asubuhi yameganda. Ladha inakaribia. Kusuka ndiko kunakoshindikana, maana kiwandani mafuta yameshapasuliwa vitone vidogo mno, hayapandi juu wala hayajikusanyi hata utikise mpaka jioni. Ukitaka siagi inabidi ununue krimu pembeni, usuke hiyo.

Mke wangu ni mtu wa Tanga. Mtindi huo huo niliouhangaikia usiku kucha anautia sukari vijiko vitatu na iliki, anaulia mkate wa kumimina. Nikimwambia hicho si mtindi tena, ni kitindamlo, ananijibu kwamba watu wa Ngara tunajua kufuga, kula hatujui. Watoto wote wako upande wa mama yao.